Samaki wadogo wasaidia kusaka dawa ya sianidi

SIANIDI ni miongoni mwa sumu zinazoua upesi zaidi. Mtu akivuta hewa yenye sumu hii kwa wingi, huenda akafa katika muda wa dakika chache. Si sumu ya majasusi pekee: magodoro ya sponji na aina fulani za plastiki zikiungua hutoa moshi wenye sianidi. Mihogo michungu nayo huwa na sumu hii isipotayarishwa vyema.

Sianidi huuaje? Kila seli mwilini hutumia oksijeni kujipatia nguvu. Sumu hii huifunga njia hiyo, hivi kwamba damu hujaa oksijeni lakini seli zashindwa kuitumia. Ubongo na moyo ndivyo huathirika kwanza.

Dawa zipo. Mojawapo ni aina ya vitamini B12 iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2006. Huinasa sianidi, kisha ikatoka kwa mkojo. Taabu ni kwamba mtu mzima huhitaji gramu 5, zinazotiwa mshipani kwa muda wa dakika 15 hivi. Je, ikiwa jengo limeungua na majeruhi ni 20? Ndiyo maana wataalamu wanasaka dawa ya kudungwa msulini mara moja.

Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2013, kemikali zaidi ya 3,000 zilijaribiwa kwa vifaranga vya samaki wenye milia waitwao zebrafish. Vifaranga hao hutiwa katika vishimo vidogo vya visahani pamoja na sianidi, na kila kishimo hupewa kemikali yake. Penye samaki waliosalimika, kemikali hiyo huchunguzwa zaidi. Nne zilifaulu, mojawapo ikiwa riboflavini, yaani vitamini B2 iliyomo katika maziwa.

Hata hivyo, msomaji usikimbilie vidonge. Kilichomwokoa samaki hakijamwokoa binadamu. Ni sharti kijaribiwe kwa panya na sungura, na vingi hukwama njiani.

Kwa sasa kinga ndiyo bora. Nyumba ikishika moto, inama chini ya moshi, toka nje na usirudi kuokoa mali. Aliyevuta moshi apelekwe hospitalini hata akidai yu mzima. Mihogo michungu nayo imenywe, ilowekwe kwa siku kadhaa, ianikwe, kisha ipikwe.