Mvua Haiogopi Jina Kubwa
Wazazi na vijana wa Kasongo na Kabambare, munajua? Mwaka 1870 Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, huku kwetu Manyema, miguu yake yote vidonda. Susi, Chuma na Gardner ndio walibaki naye. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora; nyumba ile ilijengwa upya, na leo watu wanaitembelea.

Na kwetu je? Mvua haiogopi jina kubwa: paa likivuja, ukuta wa udongo unaanguka. Tusingoje feza za mbali. Mwenye franka alete. Asiye nazo alete majani, ao maji. Tuezeke kwanza, kisha tukandike. Feza zihesabiwe mbele ya wote.

Vijana, wazee wangali hai. Waulizeni leo: tuanze na nyumba gani?