Kufunga kabla ya Nusukaputi si Kufunga Saumu

Wanafunzi wapendwa, pamoja na wazazi mtakaosomewa ukurasa huu nyumbani, mada yetu ni ganzi na dawa za usingizi zitumikazo wakati wa upasuaji. Naanza na kisa kilichotokea kwetu.

Mpwa wangu wa miaka 9 alipangiwa operesheni ya ngiri saa 3 asubuhi. Siku moja kabla, muuguzi alimwambia bibi yake, "Mtoto afunge." Bibi akatii. Saa 10 alfajiri akamwamsha mjukuu wake, akampa daku: chai ya maziwa na maandazi mawili. Walipofika hospitali akaulizwa kama mtoto amekula. Akajibu kwa moyo safi, "Amefunga, mwanangu." Mtaalamu wa usingizi hakutosheka. Aliinama akamuuliza mtoto mwenyewe, "Mara ya mwisho umekula nini?" Mtoto akasema, "Daku." Operesheni ikaahirishwa hadi kesho yake. Baba mtu alikasirika sana, maana alikuwa ameomba ruhusa kazini. Lakini bibi hakusema uongo, na mtaalamu yule hakumwonea mtu.

Kwanza tufahamu aina zake. Iko ganzi ya mahali pamoja, kama ile ya kung'oa jino au ya kumtahiri mtoto. Mishipa ya fahamu hupeleka habari za maumivu kwenye ubongo, na dawa hii huifunga njia kwa muda, habari isifike. Iko sindano ya mgongoni, ambayo hutia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji huchomwa hiyo, wakamsikia mtoto akilia wakiwa macho. Na iko nusukaputi, ambapo mgonjwa hupoteza fahamu kabisa. Wengine husikia hilo neno "nusu" wakadhani mtu hufishwa nusu. Sivyo. Moyo unaendelea kupiga, na mtaalamu hukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho akiangalia pumzi, mapigo na presha.

Sasa turudi kwenye yale maandazi. Kooni zipo njia mbili, moja ya chakula na moja ya pumzi. Ukipaliwa na maji unakohoa papo hapo, na kukohoa huko ndiko kunakokulinda. Aliye kwenye nusukaputi hawezi kukohoa. Tumbo likiwa na kitu, chakula pamoja na tindikali yake huweza kupanda kooni kisha kikateremka mapafuni. Tindikali hiyo huunguza mapafu, na mtu anaweza kufa kwa jambo hilo wakati ngiri yenyewe isingemuua.

Ndiyo maana huhesabiwa saa, wala haiangaliwi alfajiri. Hesabu ya kawaida ni saa 6 tangu chakula chepesi au maziwa ya ng'ombe, saa 8 kwa vya kukaanga na nyama, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji matupu. Daku ya mpwa wangu ilikuwa na saa 5 tu. Kufunga huku hakuna nia wala daku, na maji yana ruhusa yake. Basi ulizeni: mwisho wa kula ni saa ngapi, na mwisho wa maji ni saa ngapi? Wala msizidishe kwa kudhani ni bora zaidi, kwani mtoto mdogo akikaa na njaa mno sukari hushuka mwilini.

Wanaosoma Kiarabu watalikumbuka neno takhdiri, yaani kutia ganzi. Ibn Sina aliandika juu ya afyuni kama kituliza maumivu chenye nguvu, lakini usingizi wa operesheni kama tuujuavyo ulionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha naye akakatwa uvimbe shingoni. Kabla ya hapo wengi walishikwa kwa nguvu tu. Wanavyuoni wameruhusu dawa hizi kwa haja ya tiba. Kuhusu sala zitakazopita mtu akiwa hana fahamu, muulizeni ustadhi mapema, kabla ya siku yenyewe.

Mtaalamu ataarifiwe pia kuhusu pumu, kisukari, presha, dawa za hospitali na za miti shamba, sigara na mirungi, na jino la mtoto linalolegea, maana laweza kung'oka likaingia kwenye njia ya pumzi. Piko na rangi ya kucha viondolewe mapema. Kile kibanio cha kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga unaopenya kidole, na weusi huo waweza kuuzuia.

Akizinduka, mgonjwa huweza kutapika, kutetemeka au kusema maneno yasiyo na mpango, hasa akipewa ketamini, ambayo huleta ndoto. Hizo si siri zake zinazomtoka, wala si vizuri kumcheka.

Mpwa wangu alifanyiwa operesheni kesho yake, bila daku. Alipofumbua macho bibi akauliza kama sasa aweza kufuturu. Muuguzi akasema, "Azinduke sawasawa kwanza, bibi, kisha tumwonjeshe maji kidogo kidogo."