Wimbo umepakuliwa lakini hauchezi: tatizo liko wapi?

Swali hili linatufikia mara kwa mara, kutoka Pangani mjini, ng'ambo ya mto Bweni, na hata kule Kipumbwi na Mkwaja. Mtu ananunua bando, anapakua nyimbo zake usiku mtandao ukiwa umetulia, asubuhi anaondoka kwenda dago au shamba. Akifika huko hakuna mtandao. Anafungua simu, majina ya nyimbo anayaona, picha za wasanii anaziona, lakini kila akibonyeza, wimbo unagoma.

Wengi hufikiri simu imeharibika. Wengine huipeleka kwa fundi, fundi anaiflashi, na hapo hasara inakuwa kubwa kuliko ya nyimbo: picha za familia, namba za watu na meseji za biashara vyote vinafutika. Mara nyingi simu haikuwa na ubovu wowote. Kilichokosekana ni ufunguo, na katika makala hii tunaeleza ufunguo huo ni nini, unapoteaje na unarudishwaje.

Kufuli na ufunguo

Nyimbo zinazopakuliwa kwenye simu ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni wimbo ulio wazi, kwa kawaida faili la MP3. Huo ukishaingia kwenye simu ni kama kanda ya zamani: unaucheza kwa programu yoyote, unauhamishia kwenye memori kadi, unaucheza kwenye sabufa au redio ya gari, na hauulizi mtu.

Aina ya pili ni wimbo uliofungwa. Nyimbo unazopakua ndani ya programu kama Spotify, ambayo ilifunguliwa rasmi Tanzania mwaka 2021, au Boomplay, ambayo simu nyingi za Tecno, Infinix na Itel huja nayo, ziko katika kundi hili. Faili linashuka kweli na nafasi ya simu linachukua, lakini limeandikwa kwa namna ambayo programu nyingine haiwezi kulisoma. Programu yenyewe ndiyo yenye ufunguo, na kila mara kabla ya kufungua inajiuliza maswali machache: Huyu ni mwenye akaunti? Malipo yake bado hayajaisha? Simu ni ile ile? Wimbo huu bado tunaruhusiwa kuucheza?

Jibu moja likiwa hapana, wimbo haufunguki, hata kama umo ndani ya simu.

Kufuli hili si la Afrika peke yake, wala si la leo. Mwaka 2008 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itazima mitambo iliyokuwa ikitoa funguo za nyimbo zilizouzwa na duka lake la MSN Music. Wateja walishalipia nyimbo zile, lakini mitambo ikizimwa wasingeweza kuzihamishia kwenye kompyuta mpya. Walilalamika sana hadi kampuni ikaongeza muda. Mwaka uliofuata, 2009, Apple iliamua kuondoa kufuli kwenye nyimbo zinazouzwa moja moja katika duka lake la iTunes. Lakini nyimbo za kulipia kwa mwezi zilibaki na kufuli hadi leo, kwa sababu mteja anayelipa kwa mwezi ni kama mpangaji. Kodi ikiisha, mlango unafungwa.

Angalia haya kwa mpangilio

Wimbo ukigoma, usifute kitu chochote kwanza. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine, ukianzia na zile ambazo hazina gharama.

Kwanza, angalia tarehe na saa ya simu. Simu iliyozimika betri kwa muda mrefu inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Programu ikiona tarehe haieleweki, inakataa kufungua, na pengine hata intaneti inakataa. Ingia kwenye mipangilio, yaani setingi, nenda sehemu ya tarehe na saa, kisha uruhusu simu ichukue saa kutoka kwenye mtandao.

Pili, angalia malipo. Kifurushi cha muziki kikiisha, nyimbo zilizopakuliwa hufungwa. Kwenye Spotify, asiyelipia hawezi kabisa kupakua nyimbo za kusikiliza bila mtandao. Na hapa wengi huchanganya mambo mawili: bando la intaneti ni kitu kimoja, malipo ya muziki ni kitu kingine. Unaweza kuwa na MB za kutosha na bado muziki wako ukawa umeisha muda.

Tatu, jiulize ni lini mara ya mwisho programu ilipata mtandao. Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja katika kila siku 30, ili ihakikishe kwamba bado wewe ni mteja. Ukizidisha hapo, nyimbo hufungwa mpaka uingie tena. Kwa hiyo anayekwenda dago au anayekaa sehemu isiyo na mtandao, afungue programu na data ikiwa imewashwa siku moja kabla ya safari, acheze wimbo mmoja, kisha azime data na aujaribu ule uliopakuliwa. Ukicheza bila data, anaweza kuondoka na moyo mweupe.

Nne, angalia akaunti. Tazama jina au namba inayoonekana ndani ya programu. Ni yako? Tutalirudia jambo hili hapa chini, kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi.

Tano, angalia nafasi. Simu ikijaa, wimbo hushuka nusu na kusimama. Tafuta video za zamani za WhatsApp uzipunguze kwanza. Lakini jihadhari na programu za kusafisha simu, kwa kuwa nyingine hufuta na nyimbo zako zikidhani ni takataka.

Sita, kama wimbo unaanza vizuri halafu unakatika skrini ikizima, sababu huenda ni mpango wa kutunza betri. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya skrini. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta jina la programu yako ya muziki, uiruhusu ifanye kazi bila kuzuiwa.

Saba, kama ni wimbo mmoja tu umegeuka rangi ya kijivu na mingine inacheza, kosa si lako. Huenda mkataba kati ya programu na mwenye wimbo umeisha, na wimbo umeondolewa. Hakuna fundi wa kuurudisha.

Ukimaliza hatua hizi zote na bado inagoma, hapo unaweza kuiondoa programu na kuiweka upya. Lakini elewa gharama yake: ukiiondoa programu, nyimbo zote ulizopakua zinaondoka nayo, na itabidi utumie bando kuzipakua tena. Ni hivyo hivyo ukibonyeza kufuta data ya programu. Kufuta kashe peke yake ni jambo jepesi zaidi, na kwa kawaida hakugusi nyimbo.

Akaunti ni ya nani?

Mtu anaponunua simu janja ya kwanza, mara nyingi anayemfungulia ni fundi, kijana wa dukani au mtoto wa jirani. Ili kazi iende haraka, huyo aliyesaidia huweka barua pepe yake mwenyewe, au anabuni moja na nenosiri ambalo kesho yake hakuna anayelikumbuka. Mwenye simu analipia muziki kwa miezi, lakini kwa kumbukumbu za kampuni mteja ni mtu mwingine.

Siku simu ikipotea, ikiibiwa au ikiingia maji ya chumvi, hakuna njia ya kurudi. Nyimbo zilizofungwa zinafuata akaunti, hazifuati simu. Mwenye akaunti yake akinunua simu nyingine anaingiza namba au barua pepe na nenosiri, na orodha yake yote inarudi. Kinachobaki ni kupakua upya. Asiye na akaunti yake anaanza moja.

Kwa hiyo, ukisaidiwa kufungua simu, taja namba yako na uandike nenosiri lako wewe mwenyewe. Liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, mahali pa siri. Na kama akaunti umeifungua kwa namba ya laini, usiiache laini hiyo ikalala muda mrefu bila kutumika, maana inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine.

Kuhusu malipo yaliyokatwa na muziki haukufunguka, usilipe mara ya pili papo hapo. Tunza meseji ya muamala, hakikisha umeingia kwenye akaunti ile ile uliyolipia, zima na uwashe simu, kisha uwasiliane na huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala. Mtu yeyote akikuomba namba ya siri ya pesa za simu ili "akufungulie muziki", huyo ni tapeli.

Memori kadi na kitochi

Wasikilizaji wengi wana simu mbili: simu janja ya intaneti na kitochi kinachokaa na chaji siku kadhaa. Wangependa kupakua kwenye janja na kusikiliza kwenye kitochi. Kwa nyimbo zilizofungwa jambo hilo haliwezekani. Hata programu ikikuruhusu kuhifadhi nyimbo kwenye memori kadi, ukiitoa kadi na kuiweka kwenye simu nyingine utakuta mafaili yasiyosomeka. Bluetooth ya kutuma mafaili nayo haisaidii. Unachoweza ni kuiunganisha simu janja yenyewe na spika kwa Bluetooth au waya, nayo ndiyo icheze.

Kwa kitochi, redio ya gari na sabufa ya flashi unahitaji wimbo ulio wazi, na MP3 ndiyo inayokubalika karibu kila mahali. Mdundo, huduma iliyoanzia Kenya, inatoa nyimbo za MP3 bila malipo, na gharama zinafidiwa na matangazo. Wapo pia wasanii wanaouza au kugawa nyimbo zao wenyewe zikiwa wazi.

Hesabu ya bando

Kabla ya kupakua, tazama ubora wa sauti uliochaguliwa kwenye programu. Wimbo wa dakika nne kwa kiwango cha 96 unachukua takriban MB 3. Wimbo huo huo kwa kiwango cha 320 unakaribia MB 10. Nyimbo 10 kwa kiwango cha chini ni kama MB 30, kwa kiwango cha juu zinakaribia MB 100. Kwenye spika ndogo ya simu, wengi hawataona tofauti. Na kama unachotaka ni sauti tu, usipakue video, maana video inakula bando mara nyingi zaidi.

Njia za mkato

Mitaani zinazunguka programu za kughushi zinazodai kufungua kila kitu bure. Hazitoki kwenye duka rasmi la programu, na ili uziweke unaombwa uondoe ulinzi wa simu. Ndani ya simu hiyo hiyo ndimo zilimo meseji za M-Pesa na Airtel Money. Programu usiyojua aliyeitengeneza ikipewa ruhusa ya kusoma meseji, kitakachoondoka kinaweza kuwa pesa ya mwani, ya samaki au ya ada ya mtoto. Wimbo wa bure unaweza kugeuka ghali.

Tukumbuke pia kwamba kazi ya msanii inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa Tanzania Bara na COSOTA. Kufuli linawaudhi wasikilizaji, lakini liliwekwa ili anayeimba naye apate chochote.

Uchague lipi?

Tanga ni mkoa wa Black Star na Lucky Star, na wilaya yetu ndiyo iliyomzaa Bi Shakila. Wazee wanaozitaka nyimbo hizo wanataka kuwa nazo kwa miaka na kuwaachia wajukuu. Kwa muziki wa namna hiyo, ushauri wetu ni kutafuta nakala iliyo wazi na halali, kisha kuweka nakala ya pili kwenye kadi au flashi nyingine, kwa sababu kadi nazo hufa.

Kwa nyimbo mpya zinazovuma mwezi huu na kusahaulika mwezi ujao, kulipia programu hakuna ubaya. Unapata nyimbo nyingi kwa pesa kidogo. Muhimu ni kujua tangu mwanzo kwamba umepanga, hujanunua. Kabla bando lako halijaanza kukatika, uliza swali moja: wimbo huu, nikizima data na kuuhamishia kwenye simu nyingine, utacheza? Jibu la swali hilo litakuonyesha kama unachopata ni mali yako au ni ya kukodi, nawe utaamua kama bei inafaa.