Je, Wajua? Kiingereza: Kosa la Kweli na Kosa la Kuzuliwa

Je, wajua kwamba anayesema "Borrow me your pen" anafikiri kwa Kiswahili safi? Kwetu kitenzi kuazima kinawatosha wote wawili: nakuomba uniazime kalamu, nami naazima kalamu kwako. Kiingereza kimewatenganisha. Mwenye kitu "lends", anayekichukua "borrows". Basi sema "Lend me your pen" au "May I borrow your pen?" Mwalimu akimwonyesha mwanafunzi njia mbili za kuazima, atamsaidia zaidi kuliko kumcheka mbele ya darasa.

Je, wajua kwamba "equipments", "furnitures", "advices" na "informations" ni makosa hata yakiwa kwenye barua yenye mhuri? Sisi tuna vifaa vingi na mashauri mengi. Kiingereza huyaona hayo kama maji au mchanga, hayahesabiki. Ukitaka kuhesabu, andika "a piece of advice" au "three pieces of equipment".

Wajua kwamba "discuss" haitaki "about", na "return" haitaki "back"? Tunasema "We discussed the budget", basi.

Na ukishataja jana, "have" haina nafasi: "I saw him yesterday".

Je, wajua kwamba kosa jingine linalosahihishwa kila siku si kosa hata kidogo? Wengi tumefundishwa kutomaliza sentensi kwa maneno kama "to", "with" au "of". Mwaka 1672 mshairi John Dryden aliikosoa tabia hiyo katika maandishi ya Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufariki tangu 1637. Halafu akajigeukia mwenyewe: insha yake ya 1668 ilipochapishwa upya mwaka 1684, sentensi za namna hiyo alikuwa amezipanga upya. Ulikuwa uchaguzi wa mwandishi mmoja, vizazi vilivyofuata vikaufanya sheria. "Who are you talking to?" ni Kiingereza sahihi, na mtoto aliyeandika hivyo apewe alama yake.

Wajua kwamba kukatazwa kwa "less" mbele ya vitu vinavyohesabika kunatokana na maoni ya Robert Baker, aliyeandika mwaka 1770 kwamba yeye angependelea "fewer"? Waingereza walikuwa wakiitumia "less" hivyo tangu enzi za Mfalme Alfred, karne ya 9. Hata hivyo, kwenye mtihani andika "fewer mistakes". Msahihishaji huenda ni mfuasi wa Baker. Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliukwepa ugomvi huo kwa kubadili mabango ya "10 items or less" yasomeke "Up to 10 items".

Je, wajua kwamba kamusi nayo hukosea? Kamusi kubwa ya Webster ya 1934 ilikuwa na neno "dord", eti maana yake ni msongamano wa maada. Neno hilo halikuwapo duniani. Kadi ya mhariri wa kemia ilisema tu kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupi cha "density". "D or d" ikasomwa kama neno moja. Kosa liligunduliwa mwaka 1939.

Wajua kwamba mkato mmoja uliokosekana uliwapatia madereva mamilioni ya dola? Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi zisizolipwa ziada kwa saa za nyongeza, na orodha ikaishia na "packing for shipment or distribution". Kampuni ya maziwa ya Oakhurst ilidai kwamba "distribution", yaani usambazaji, ni kazi inayojitegemea kwenye orodha. Madereva wakajibu: hakuna mkato kabla ya "or", kwa hiyo kinachotajwa ni kufungasha tu, kuwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza, na sisi hatufungashi, tunaendesha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba maneno hayo yana utata, na utata katika sheria ya aina hiyo humfaa mfanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Kwa wanaodhani alama za uandishi ni mapambo, hii ndiyo kesi ya kuwasomea. Bunge la Maine liliiandika orodha hiyo upya, safari hii likitenganisha kila kazi kwa nukta mkato.