Maswali ya umeme na sumaku yanavyompima mwanafunzi wa Bomet

MWANAFUNZI anayesimama kando ya mradi wake katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya (KSEF) huhojiwa na majaji ana kwa ana. Mashindano hayo, ambayo kwa miaka mingi yalijulikana kama Kongamano la Sayansi, huanzia shuleni na kupanda hadi kiwango cha kaunti ndogo, kaunti, eneo na hatimaye taifa. Katika kitengo cha fizikia, mtambo unaweza kupendeza macho, lakini mwenyewe akishindwa kueleza mkondo wa umeme unapita wapi na kwa nini, safari yake haifiki mbali.

Kwa vijana wa Bomet, mazoezi ya mada hii hayahitaji kutafutwa mbali. Mto Nyangores, mojawapo ya mito inayoulisha Mto Mara, hupita karibu na hospitali ya Tenwek, na katika miaka ya 80 maporomoko yake yalianza kutumiwa kuzungusha mtambo wa kuipa hospitali hiyo umeme. Katika viwanda vya chai, mota huendesha feni za kunyausha majani mabichi na mashine za kuyasagasaga.

Chukua mfano huu, ambao takwimu zake ni za mazoezi tu. Mtambo ulio mtoni unapeleka wati 10,000 za umeme kwa volti 250, kupitia waya wenye ukinzani wa omu 2. Je, ni wati ngapi zinazopotea njiani zikiwa joto?

Mwanafunzi mwenye pupa hukimbilia kanuni aliyoikariri: volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Anapata wati 31,250, anapiga mstari chini ya jibu na kufungua ukurasa unaofuata. Hatambui kwamba waya wake umepoteza umeme mara tatu zaidi ya ule uliotumwa. Kosa hili ni la kawaida mno, na halitokani na udhaifu wa hesabu. Kanuni yenyewe ni sahihi. Kasoro ni kwamba zile volti 250 haziko kwenye waya pekee. Zimegawanyika kati ya waya na vyombo vinavyotumia umeme mwishoni mwa laini.

Njia salama ni kuanza na mkondo. Wati 10,000 zikigawanywa kwa volti 250 hutoa ampea 40. Mkondo huo ukipita katika omu 2, volti 80 huangukia njiani, na umeme unaopotea ni volti 80 mara ampea 40, yaani wati 3,200. Karibu thuluthi moja imeyeyuka, na volti zinazowafikia watumiaji ni 170 tu.

Sasa umeme uo huo upelekwe kwa volti 2,500. Mkondo unashuka hadi ampea 4, nao upotevu unakuwa wati 32. Hapo mwanafunzi anaelewa kazi ya transfoma anazoziona juu ya nguzo, wala hahitaji kukaririshwa.

Upande wa sumaku una mitego yake. Tangu Michael Faraday afanye majaribio yake mwaka wa 1831, inajulikana kwamba sumaku inayosogezwa ndani ya koili huzalisha umeme. Wengi huliacha nje neno "inayosogezwa". Sumaku ikitulia ndani ya koili, hata iwe kali namna gani, mshale wa galvanomita hurudi kwenye sufuri. Ikitolewa, mshale huelekea upande wa pili. Jaribio hili ni la dakika chache na lafaa kufanywa kwa mikono badala ya kusomwa. (Umeme wa ukutani usiguswe kamwe katika mazoezi ya aina hii.)

Isitoshe, umeme unaozalishwa huisukuma sumaku nyuma, ukipinga mwendo ule ule ulioufanya uzaliwe. Ndiyo sababu taa zaidi zikiwashwa, jenereta huwa nzito kuzungusha, na mtambo wa mtoni hudai maji mengi zaidi ili kasi yake isipungue. Mradi wa jenereta inayoendesha mota ambayo nayo inaizungusha jenereta iyo hiyo, ndoto inayowavutia vijana wengi, huangukia hapa. Ni afadhali kuugundua ukweli huo darasani kuliko mbele ya majaji.

Uhaba wa vifaa ni kikwazo cha kweli, ingawa si cha mwisho. Mwalimu Peter Tabichi wa shule ya Keriko katika kaunti ya Nakuru, aliyetuzwa kama mwalimu bora duniani jijini Dubai mwaka wa 2019, alifundisha shuleni ambako kulikuwa na kompyuta moja tu. Yeye na wenzake waliwafundisha hesabu na sayansi wanafunzi waliokuwa nyuma, mmoja mmoja, nje ya saa za masomo na hata wikendi. Wanafunzi wa shule hiyo walipata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa mradi wa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao.

Swali moja la kujaribia linatoka kiwandani. Mota ya mkondo mnyoofu inatumia volti 240, koili yake ina ukinzani wa omu 4, na inapozunguka inavuta ampea 5. Mbona isiwe ampea 60, kama hesabu ya volti kwa omu inavyodai? Jibu ni kwamba mota inayozunguka ni jenereta pia: inazalisha volti 220 zinazopinga zile za laini, na zinazobaki kuusukuma mkondo ni 20 tu. Mashine ikikwama, volti hizo pinzani hutoweka, ampea 60 hupita, na isipozimwa upesi koili huungua.