Jinsi Taarifa Zinavyorejeshwa Diski ya Seva Inapoharibika

Kumbukumbu za vizazi, ardhi na kodi zinazotunzwa kielektroniki huhifadhiwa katika diski, na hakuna diski isiyochakaa. Kwa sababu hiyo seva nyingi hutumia mfumo wa RAID, uliofafanuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, ambao huunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja.

Katika RAID 5, data husambazwa kwenye diski zote pamoja na taarifa za ziada za kukokotolea sehemu iliyopotea. Diski moja ikiharibika, huduma huendelea, ingawa kwa kasi ndogo. RAID 6 huhimili kuharibika kwa diski mbili.

Jambo la kwanza kwa fundi ni kuhakikisha kuwa nakala rudufu ipo na inasomeka. Kisha huitambua diski mbovu kwa namba yake, kwani kuchomoa kimakosa diski iliyo salama kunaweza kusimamisha mfumo wote. Diski mpya yenye ujazo sawa au zaidi huwekwa, na mfumo huijaza upya kwa kusoma diski zote zilizobaki.

Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, hata siku kadhaa, na hicho ndicho kipindi cha hatari: katika RAID 5, diski ya pili ikiharibika kabla kazi haijakamilika, data hupotea.

Aidha, RAID haiokoi data iliyofutwa kwa makosa, iliyoharibiwa na virusi au iliyoteketea kwa moto. Nakala rudufu iliyotunzwa mahali pengine ndiyo kinga ya mwisho.