Jinsi Tunavyotia Picha Uhai Darasani

Watu wengi waonapo sinema ya katuni hudhani kwamba iko mashine inayochora na kuendesha picha hizo yenyewe. Wengine husema kazi hii ni mchezo wa watoto, wala haimfai mwanafunzi anayetaka kufaulu. Kwa kuwa nimejifunza kazi hii mwaka mzima katika darasa la sinema la shule yetu hapa Kamembe, wenzangu wameniomba niieleze katika gazeti letu. Wale wanaotuchungulia dirishani watajua tunafanya nini, na ninyi mliokwisha kumaliza masomo mtajua ni elimu gani iliyoingia tangu mlipoondoka.

Kwanza yafaa kujua kwamba katika sinema hakuna picha inayotembea hata moja. Kila picha imesimama. Bali picha nyingi zinazofanana, zenye tofauti ndogo ndogo, hupitishwa upesi mbele ya macho, na ubongo wetu huziunganisha tukaona mwendo. Sinema za kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Sisi darasani hutumia picha 12, na kila moja huonyeshwa mara mbili, maana kwa hesabu hiyo mwendo huonekana vizuri na kazi hupungua nusu. Kwa Kiswahili kazi hii huitwa uhuishaji, na neno hilo latoka katika kuhuisha, yaani kutia uhai.

Jambo hili lilijulikana kabla ya sinema kuwako. Mwaka 1832 Mbelgiji mmoja, Joseph Plateau, alitengeneza kisahani chenye michoro pembeni. Ukikizungusha mbele ya kioo na kutazama katika matundu yake, michoro yacheza. Mwaka 1892 Émile Reynaud aliwaonyesha watu wa Paris michoro yenye mwendo ukutani, na hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya ndugu wawili Lumière kuonyesha sinema yao katika mji huo huo, tarehe 28 Desemba 1895. Basi katuni si mtoto wa sinema, bali ni kaka yake.

Somo letu la kwanza halikuhitaji kompyuta. Mwalimu alituambia tuchukue daftari kuukuu, tuchore mpira unaoanguka, picha moja katika pembe ya kila ukurasa, kisha tuzipeperushe kurasa kwa kidole gumba. Hapo ndipo tulipokutana na somo la fizikia. Ukiushusha mpira kwa hatua zilizo sawa, utaonekana kama kitu kinachoteremshwa kwa kamba. Kitu kinachoanguka huzidi kwenda mbio, na hatua zake hufuata hesabu ya 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Ikiwa mpira wako utaanguka milimita 36 kwa picha sita, basi katika picha ya kwanza ushuke milimita 1, ya pili 3, ya tatu 5, ya nne 7, ya tano 9, na ya sita 11. Ukizijumlisha utapata 36 kamili. Ukichora hivyo, kila mtu atasema, "Huo ni mpira!" hata kama ni duara tu la kalamu ya risasi.

Kwa somo hilo nilitambua jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kazi ya katuni si kuchora vizuri tu. Katika darasa letu wamo wachoraji hodari ambao vikaragosi vyao ni vizuri lakini vimekufa, na wamo wengine ambao mkono wao si mwepesi, lakini vitu vyao vyaishi. Tofauti ni kwamba hawa wa pili wamekitazama kitu chenyewe kwa makini, wakahesabu mwendo wake.

Muhula wa pili mwalimu alitutaka tuchague hadithi ya sinema ya dakika mbili. Wengine walitaka mashujaa wanaoruka angani, kama tunaowaona katika televisheni. Wengine walitaka wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu. Tulibishana siku mbili, kisha tukapiga kura, wavuvi wakashinda kwa kura chache.

Wasomaji walio mbali huenda hawajui uvuvi huu. Sambaza ni samaki mdogo wa jamii ya dagaa, aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na miti mingine hujitokeza mbele na nyuma ili kushikilia wavu. Hutoka jioni, huwasha taa usiku juu ya maji, samaki hufuata mwanga, nao huinua wavu. Wakiwa njiani huimba ili makafi yaende pamoja.

Tulikwenda ufukoni kuomba ruhusa. Mzee mmoja alitusikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Wanangu, wengi wamekuja hapa na kamera. Picha wamekwenda nazo. Sisi wenyewe hatujapata kuziona." Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwisho mwalimu akasema, "Mzee, sinema hii itaonyeshwa hapa kwanza, kabla ya kuonyeshwa shuleni au mahali pengine popote." Mzee akakubali. Kuanzia siku hiyo kazi yetu haikuwa tena ya kutafuta alama za mtihani tu, maana tulikuwa tumeahidi.

Neno la mzee lina historia ndefu katika nchi zetu. Tangu mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza sinema 35 za mafundisho, zikatembezwa kwa lori katika nchi kadhaa. Waafrika walicheza ndani yake, lakini walioamua nini kisemwe walikuwa wageni. Katika miaka ya 1950, hapo Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, mapadre walikuwa na karakana ya sinema iliyoitwa Africa Films, na huko Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za paa mdogo aitwaye Mboloko. Hadithi zilikuwa zetu, lakini mkono haukuwa wetu.

Mambo yamebadilika. Mkongo Jean-Michel Kibushi alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988, na mwaka 1991 akatoa katuni ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Huko Dar es Salaam katuni za Ubongo Kids zilianza mwaka 2014, zikifundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Na mwaka 2019 Mnyarwanda Joel Karekezi alipata tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou kwa sinema yake juu ya askari wawili waliopotea katika msitu wa Kongo. Hiyo si katuni, lakini yaonyesha kwamba kamera sasa iko mikononi mwetu.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kwanza tulikaa ufukoni na saa, tukahesabu. Kafi moja, tangu kuingia majini hata kurudi mahali pake, lilichukua sekunde moja na nusu, yaani picha 18. Tukaona pia kwamba kafi haliendi kwa mwendo mmoja: huingia majini upesi, huvutwa polepole kwa kuwa maji ni mazito, kisha hurudi hewani upesi tena. Kwa hiyo picha nyingi kati ya zile 18 zilikuwa za kafi likiwa majini.

Pili, tulikata vikaragosi vya karatasi ngumu. Kila mvuvi alikuwa na kichwa, kiwiliwili, mikono na viwiko vilivyounganishwa kwa uzi ili vipinde. Tuliwalaza juu ya kitambaa cha kijani mezani, na juu yao tukafunga simu katika fremu ya mbao, ikitazama chini. Ukisogeza mkono wa kikaragosi kidogo, unapiga picha; unasogeza tena, unapiga tena. Hairuhusiwi kuigusa simu, maana ikitikisika kidogo tu ziwa zima litaruka. Tulipigia picha kwa kitufe cha waya wa kusikilizia masikioni. Madirisha tulifunika, kwa sababu wingu likipita mbele ya jua picha moja hung'aa na nyingine hufifia, na sinema humemeteka. Tulitumia taa mbili tu, moja kila upande.

Tatu, kompyuta iliondoa rangi ya kijani na kuweka nyuma ya mitumbwi mchoro mrefu wa vilima na ziwa. Hapa ndipo hesabu ilipotuokoa. Dakika mbili kwa picha 12 kila sekunde ni picha 1,440. Lakini sekunde 45 za sinema yetu ni za kupiga makafi tu, yaani picha 540. Kwa kuwa mwendo wa kafi hujirudia, tulipiga picha 18 tu, tukazirudia mara 30, huku vilima vikisogea nyuma. Kwa hiyo tulipiga picha 918 badala ya 1,440. Kwa saa moja tuliweza kupiga picha 60 hivi, na tuna saa mbili tu kwa juma. Basi kazi hiyo peke yake ilichukua majuma manane. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, tulijifunza kupanga picha. Picha ya mbali humwonyesha mtazamaji mahali, picha ya kati humwonyesha kazi, na picha ya karibu humwonyesha uso au mkono. Tena iko sheria moja ambayo kila mtu aweza kuijaribu: ikiwa mitumbwi inakwenda kuume katika picha ya kwanza, lazima iende kuume katika picha zote za safari hiyo. Ukiigeuza iende kushoto, mtazamaji hudhani wavuvi wamekwisha kurudi. Sisi tuliwapeleka ziwani kuelekea kuume, na alfajiri tukawarudisha kuelekea kushoto, na hapakuhitajiwa neno la kueleza.

Tano, sauti. Wimbo tuliurekodi kwa wavuvi wenyewe, kwa idhini yao. Sauti ya kafi tuliifanya darasani kwa beseni la maji na kipande cha ubao, na sauti ya sambaza wakirukaruka wavuni ni vidole vyetu juu ya mfuko wa plastiki uliolowa. Maelezo tuliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu katika soko la Kamembe mtu wa Bukavu na mtu wa hapa hukutana katika lugha hiyo.

Siku ya kuonyesha tulichagua usiku wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauvuti samaki vizuri, na wavuvi hubaki nchi kavu. Tulitundika shuka nyeupe ndani ya banda la kushonea nyavu ili mwezi usiififishe picha. Kupeleka sinema kwa watu si jambo geni katika nchi hii: tamasha la sinema la Rwanda, lililoanza mwaka 2005, limejulikana kwa kupandisha sinema vilimani kwa skrini kubwa inayojazwa hewa. Sisi tulikuwa na shuka tu, lakini banda lilijaa.

Sinema ilipokwisha hapakuwa na makofi. Mzee yule alisema, "Rudisheni." Tukairudisha. Mara ya pili aliinama mbele, akawa anatazama mikono ya vikaragosi. Kisha akamwonyesha jirani yake na kusema, "Huyu wa mbele anavuta kama mtu aliyekesha." Watu wakacheka, wakaanza kutajana majina, kila mmoja akisema kikaragosi fulani ni nani. Kabla hatujaondoka mzee aliomba sinema hiyo itiwe katika simu ya mjukuu wake, ili ipelekwe kwa binti yake aliyeolewa Bukavu. Tukaitia. Hakuna alama ya mtihani iliyopata kunifurahisha kama hilo.

Sasa kwa wale wanaouliza kama kazi hii ni mchezo, nawajibu kwamba ndani yake mna fizikia, hesabu, useremala, muziki, lugha na adabu ya kuomba ruhusa. Nanyi wanafunzi wenzangu mnaopenda kuchora, msianze kwa mashujaa wa mbali ambao hamjapata kuwaona. Tazameni mama anayetwanga, fundi anayepiga randa, mtu wa baiskeli anayepanda kilima cha mjini. Chukueni saa, mhesabu, kisha mchore.

Na ninyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu mko kazini, nanyi mwajua mambo tusiyoyajua. Darasa letu latafuta kazi nyingine ya kuonyesha mwakani. Aliye na karakana, shamba la chai au kiwanda, na atuite tuje tutazame. Tutakuja na saa na daftari, na tukimaliza, sinema itaonyeshwa kwenu kwanza.